Sura ya Tano: Wapare Wako Wapi?

Mwanamuziki akishamaliza kurekodi, iwe ni kwenye chumba kilichozibwa magodoro ukutani pale Same mjini au kwenye studio ya kulipia Moshi, swali lake la kwanza siku hizi ni moja: "Niupandishe wapi?" Anataka kutajiwa mtandao. Produsa atamwambia YouTube, binamu yake atamwambia TikTok, na kijana mwenye Tecno mpya atamwambia Boomplay kwa sababu aliikuta imo tayari siku aliyonunua simu. Wote watakuwa wamejibu, na bado hawajamsaidia. Kuna swali linalotangulia hilo: watu wanaoweza kuupenda wimbo huu kiasi cha kutoa elfu mbili zao mfukoni wako wapi, na nitawafikiaje bila kumpigia mtu magoti?

Kwa mtu wa Same jibu lina mkunjo wake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kama 300,000 katika Wilaya ya Same na karibu 150,000 Mwanga, wilaya mbili zinazogawana Milima ya Upare. Hao ni waliolala huko usiku wa sensa. Hayumo muuza vipuri wa Kariakoo, mwalimu aliyestaafia Tanga, muuguzi wa Arusha, wala binti anayesoma Dodoma. Upareni hutoa watu. Mlimani mashamba ni madogo na yameinama, huku chini kuna ukame, na barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Arusha inapita hapo hapo miguuni pa mlima: Hedaru, Makanya, Same, Mwanga. Kila basi linalosimama lina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Kwa hiyo msikilizaji wa wimbo wa Kipare anaweza kuwa Mbagala, Dar es Salaam, kwa urahisi ule ule wa kuwa Mbaga kule mlimani.

Kazi ya intaneti kwa msanii wa huku, kwa maoni yangu, ni kuwakusanya watu hao. Habari za "kuiteka dunia" tuwaachie wauza semina.

Kanda hii ya kaskazini ina mfano uliotangulia hata YouTube. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mlango wa mafanikio ya muziki wa vijana ulikuwa redio za Dar es Salaam, na funguo zilikuwa mikononi mwa watangazaji na maDJ. Kundi la X Plastaz lilikuwa Arusha, mbali na mlango huo. Walirap kwa Kiswahili na kuchanganya na uimbaji wa Kimasai wa Yamat ole Meibuko, kitu ambacho redio za mjini hazikujua zikiweke kapu gani. Kijana wa Kiholanzi, Thomas Gesthuizen, anayejulikana pia kama Juma4, alikuwa akiendesha tovuti ya hip hop ya Afrika, iliyoitwa Rumba-Kali kabla ya kugeuka africanhiphop.com. Kupitia kwake na tovuti hiyo X Plastaz walijulikana Ulaya, wakaalikwa majukwaani, na mwaka 2004 kampuni ya Outhere ya Munich ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop. YouTube ilianza mwaka uliofuata. Intaneti ya wakati ule ilikuwa ya kulipia kwa saa, kwenye vibanda, na kupakua wimbo mmoja kulitaka subira. Ukurasa mmoja ulitosha, kwa sababu waliokuwa wakiufungua ni watu wanaoandaa matamasha, wanaoandika magazetini na wanaonunua CD. Wachache, lakini wenye njaa ya muziki wa aina hiyo hiyo.

Somo la pili linatoka Bukoba. Saida Karoli alipotamba mwaka 2001 na wimbo ambao wengi waliuita Chambua Kama Karanga, aliimba Kihaya, na nchi nzima ikacheza bila kuelewa nusu ya maneno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa sura mpya wakauita Salome. Nalitaja hili kwa sababu vijana wa Upareni huambiwa na maprodusa waachane na Chasu, lugha ya Wapare, waimbe Kiswahili cha Sinza ili "watoboe". Ushauri huo unampeleka kijana kushindana na watu wenye lebo, wapiga picha na bajeti ya matangazo. Akiimba Chasu washindani ni wa kuhesabu, na kila atakayemwelewa ana shangazi, mjomba na kaka wa kumtumia. Halafu kuna harusi. Sendoff ya binti wa Kipare iliyofanyika Ubungo inahitaji wimbo wa kumwingiza ukumbini kama ile iliyofanyika Usangi, na mshereheshaji anautafuta wimbo huo wiki nzima kabla. Msanii anayejulikana na washereheshaji kumi wa Dar es Salaam wenye wateja wa Kipare amepata redio yake.

Basi chombo cha kwanza katika sura hii kinachosha hata kukitaja: orodha ya namba za simu. Wapare wa mjini wamo tayari kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya waliosoma pamoja, ya michango ya misiba na ya ujenzi wa kanisa au msikiti wa kijijini. Kosa la wasanii wengi ni kuruka kwenye magrupu hayo na kumwaga linki bila salamu. Admini anakutoa, na wimbo unabaki na sifa ya usumbufu. Tafuta mtu mmoja ndani ya kila grupu, mzee anayeheshimika au mama anayeshika michango, mtumie yeye peke yake, na mwache auingize kwa maneno yake: "Jamani, sikilizeni kijana wetu wa Vudee." Sentensi hiyo haiwezi kununuliwa kwa tangazo.

Hapo hapo jenga orodha yako mwenyewe. WhatsApp inaruhusu grupu lenye watu hadi 1,024, lakini grupu lina kelele, na baada ya wiki mbili linakuwa la salamu za asubuhi. Kuna njia tulivu zaidi: kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 kwa mpigo bila wao kuonana. Kasoro yake ni kwamba ujumbe huo humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi hawalijui hili, hutuma kwa mia mbili wakapokea thelathini, kisha wakadhani wimbo haukupendwa. Kwa hiyo omba mambo mawili, akupe namba yake na ahifadhi ya kwako, tena papo hapo, mkiwa mmesimama. Na uombe kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mwenye taarifa aridhie zinapochukuliwa na ajue zitatumika kwa nini. Daftari la michango ya harusi ya jirani si orodha ya mashabiki wako.

Wapi utapata watu waliosimama hivyo? Upareni jibu lina historia. Waadventista wa Sabato walianza kazi yao ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania huko Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na hadi sasa maeneo kama Suji yana watu wanaojua sauti nne kabla ya kujua kusoma. Kila mwaka kuna makambi, mikutano yao ya ibada ya siku kadhaa. Kwaya huja na sare mpya, watu wa mjini hupanda mlima kurudi nyumbani, na kwa siku kadhaa wapo pamoja mamia ya watu ambao mwanamuziki angewatafuta mtandaoni mwaka mzima. Zamani kwaya iliuza kanda hapo, kisha CD, kisha DVD. Leo gari jipya halina pa kuingiza CD, na kompyuta nyingi vile vile. Weka mezani flashi zenye albamu, kibao chenye Lipa Namba, na daftari la majina. Meza hiyo ndiyo duka lako la mtandaoni, hata kama siku hiyo mnara wa simu hauoni upande ule wa bonde.

Kuna jambo dogo hapa ambalo vitabu vya ng'ambo havitakuambia. Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zilikubaliana kuachia nyimbo mpya siku ya Ijumaa, na kila mshauri wa mitandao hurudia: Ijumaa, Ijumaa. Kwa kwaya ya Kisabato Ijumaa jua likizama biashara imefungwa hadi Jumamosi jioni. Ukiachia wimbo Ijumaa saa kumi alasiri, saa chache baadaye hao hao waliotakiwa kuununua na kuusambaza wameweka simu kando, na saa za mwanzo, ambazo mitandao huzitazama kuamua kama wimbo una uhai, zinapita kimya. Achia Jumapili asubuhi. Kwa Walutheri wa Mbaga na Waislamu wa Usangi kalenda ni nyingine, na anayeimba kwa ajili yao azijue saa zao vile vile.

Orodha ya namba ina faida nyingine iliyojionyesha hivi karibuni. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Oktoba mwaka huo huo, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Msanii ambaye mashabiki wake wote ni "wafuasi" wa ukurasa fulani hakuwa na wa kumwambia chochote. Mwenye namba angeweza kusubiri, kisha akaanza alipoishia, hata kwa ujumbe wa kawaida unaoingia kwenye kiswaswadu.

Sasa turudi kwenye mitandao yenyewe, maana haikwepeki. Spotify ilifungua huduma Tanzania Februari 2021. Watu hudhani inalipa kiasi fulani kwa kila usikilizaji. Haifanyi hivyo. Hukusanya mapato ya mwezi ya nchi husika, hutoa fungu lake, na kinachobaki hugawanywa kwa uwiano wa nyimbo zilizosikilizwa, kwa hiyo anayesikilizwa na watu wa nchi zenye malipo makubwa hupata zaidi ya anayesikilizwa na wa kwetu. Na tangu mwanzo wa 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili haulipwi kitu. Makisio yanayotajwa sana ni dola tatu hivi kwa usikilizaji elfu moja. Tufanye ni shilingi 7,500. Watu kumi na watano wa makambi, kila mmoja akikutumia elfu mbili kwa simu, wamekuzidishia mara nne, na wamekuachia namba zao.

YouTube ina ngazi yake: wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo uingie kwenye mgawo wa matangazo. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kwa wimbo wa dakika nne, hiyo ni mara 60,000 za kutazamwa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuuruka. Ukifika, malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Sisemi haiwezekani. Zabron Singers, kwaya ya familia ya Kisabato kutoka Kahama, mji ulio mbali zaidi na Dar es Salaam kuliko Same, waliuona wimbo wao Mkono wa Bwana ukitazamwa makumi ya mamilioni ya mara. Lakini kwaya nyingine ngapi za sifa kama zao zina video yenye watazamaji mia nne? Ipeleke kazi YouTube kwa sababu ndipo watu wanapotafuta wimbo waliousikia harusini. Ifanye iwe kabati lako. Fungua takwimu zake kila mwezi utazame miji inayokutazama na njia waliyopitia. Ukiona Dar es Salaam inatangulia na wengi wameingia kwa WhatsApp, utajua ni nani anayekubeba.

TikTok nitaipita haraka. Inazalisha umaarufu wa wiki, mpango wake wa kuwalipa watengeneza video uko katika nchi chache na Tanzania haimo, na sekunde kumi na tano za wimbo zikipata mchezo wa kuigizwa zinaweza kufanya maajabu ambayo hayapangiki. Weka kipande, usiweke matumaini. Matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram yana udhaifu wa aina nyingine: unaweza kuyaelekeza kwa watu walioko Same leo, lakini hayawezi kumpata mtu aliyeko Temeke anayeifikiria Same. Yatumie Desemba, watu wanaporudi nyumbani.

Ugumu ambao hauzungumzwi vya kutosha ni wa kupokea pesa. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imeruhusu kulipa na kukataa kupokea, wakati Mkenya wa Taveta, ng'ambo tu ya mpaka, anapokea na kuzihamishia M-Pesa. Vyombo vingi vya muziki huru vimejengwa juu ya PayPal. Bandcamp ni mfano: huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo na kumwachia msanii sehemu kubwa ya zilizobaki, mpango ambao ni wa heshima kuliko mingi. Albamu ya Sounds of Sisso, iliyokusanya singeli ya studio ya Sisso ya Dar es Salaam, iliuzwa humo mwaka 2017, lakini iliuzwa kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Vijana wa Dar walitoa mdundo, na duka likashikwa na mtu wa nchi nyingine. Si lazima iwe dhuluma. Ila kabla hujakubali mpango kama huo ujue nani anashika akaunti na kila lini utaoneshwa hesabu.

Umakini huo huo unahitajika kwa wasambazaji wanaopeleka nyimbo Spotify, Apple Music na Boomplay. DistroKid hutoza ada kila mwaka, na usipolipa nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuziacha. CD Baby hutoza mara moja kwa kila kazi kisha hukata asilimia 9 ya mapato. Kwa kwaya ambayo uongozi hubadilika na mweka hazina mpya hajui kulikuwa na ada, ya pili ni salama zaidi, hata kama inauma ukiiangalia. Mdundo ya Nairobi iko karibu nasi kwa tabia: tovuti nyepesi, simu ndogo inaifungua, mtu anapakua wimbo bure ukiwa na tangazo mwanzoni, na mapato ya tangazo yanagawanywa na msanii. Haitakutajirisha. Itamfanya bodaboda wa Kisiwani awe na wimbo wako kwenye memori kadi bila kupitia kibanda cha kurushia nyimbo, ambako hupati hata shukrani.

Wimbo unapopandishwa utaulizwa mambo ya kujaza: jina la msanii, mtunzi, mpigaji, produsa, lugha. Watu hujaza kama wanaojaza fomu ya zahanati, mradi iishe. Chukua muda. Jina liandikwe namna moja kila mahali, maana ukiwa na tahajia tatu umekuwa wasanii watatu na kila mmoja ana wasikilizaji theluthi. Chasu mara nyingi haimo kwenye orodha ya lugha. Chagua Kiswahili, kisha andika "wimbo wa Kipare" na jina la kijiji kwenye maelezo, kwa kuwa ndivyo mtu wa Mbagala atakavyoandika anapoutafuta.

Na hapo kwenye safu ya mtunzi ndipo ninapowaambia watani zangu Wapare waache tabia yao itumike. Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Muziki huru unahitaji mtu wa namna hiyo. Kabla wimbo haujatoka, karatasi moja ieleze nani ametunga maneno, nani sauti, produsa anachukua nini, na kwaya inabaki na nini mtunzi akihamia kanisa jingine. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na msanii ajisajili BASATA, baraza la sanaa. Kama biti imetolewa mtandaoni bure, soma masharti yake. Nyingi ni bure mpaka wimbo uanze kuingiza, na mfumo wa YouTube wa kutambua sauti utampa mwenye biti mapato yote hata kama maneno ni ya bibi yako. Nyimbo za kitabuni zina mtego unaofanana: wimbo wenyewe unaweza kuwa wa kale usio na mwenyewe, lakini rekodi ya kwaya nyingine ina mwenyewe, na mashine wakati mwingine huzichanganya. Hapo utakata rufaa, na utahitaji ile karatasi pamoja na mafaili ya studio yenye kila sauti peke yake. Yadai kwa produsa siku unayomaliza kumlipa, kabla kompyuta yake haijafa.

La mwisho ni nani anashika ufunguo. Chaneli nyingi za kwaya zilifunguliwa na kijana mmoja mwenye simu nzuri, kwa barua pepe yake na namba yake. Kijana anaoa, anahamia Dar es Salaam au anakosana na mwalimu wa kwaya, na chaneli yenye kazi ya miaka minane inaondoka naye. YouTube inaruhusu chaneli kuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja, kila mtu kwa akaunti yake, bila kupeana nywila. Wawekeni watatu: mwenyekiti, katibu, na huyo kijana. Barua pepe iwe ya kwaya. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe laini ambayo mtu fulani anaitumia kweli, na jina la aliyeisajili kwa alama za vidole liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na baadaye namba hupewa mteja mwingine, na siku mtakapohitaji zile tarakimu sita za kufungulia akaunti, zitaingia kwenye simu yake.